Madoa Tumboni mwa Nabwile

Nabwile hakuweza kukaa. Hilo walilijua wote waliofanya kazi chini yake kwenye shamba la mbegu nje kidogo ya Kitale, upande wa kuelekea Kiminini. Alikuwa nyapara. Kila mwaka, mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni, ndiye aliyeongoza kikundi cha wafanyakazi kuzing'oa kabla hazijamwaga unga, maana mbegu ikichanganyika, kazi ya msimu mzima imeharibika. Manyapara wengine husimama kwenye kivuli cha trela na kupaza sauti. Yeye aliingia mstari pamoja na watu wake, akatokea upande wa pili majani yamemchanja mikono, akageuka, akaingia mwingine. Nyumbani hali ilikuwa ileile. Alikula amesimama, sahani mkononi, akichungulia dirishani kama mtu anayengoja mgeni.

Mumewe, Jotham, alikuwa fundi wa pampu za visima. Huyo alikuwa mtu wa kutulia. Angekaa na pampu iliyokufa kutwa nzima, akiifungua na kuifunga, bila kuonyesha uchovu. Walikuwa wameoana zaidi ya miaka kumi na hawakuwa na mtoto.

Si kwamba hawakujaribu. Mara tatu walikwenda kliniki moja ya Eldoret ambako madaktari huchukua mayai ya mama na mbegu za baba, huviunganisha maabara, kisha kiinitete kinachopatikana hukiweka tumboni. Mara tatu Nabwile alirudi Kitale akangoja. Mara tatu damu ikaja. Mara ya tatu ilimkuta shambani. Hakumwambia mtu. Aliendelea kutembea kwenye mistari mpaka jua likashuka, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kuupeleka mwili wake.

Upande wa Jotham, kule Bungoma karibu na Lugulu, hakuna aliyejua habari za Eldoret. Nabwile ndiye aliyetaka iwe hivyo.

"Nikishindwa, nishindwe na wewe peke yako," alimwambia mumewe. "Sitaki kuombewa mbele ya kanisa nzima. Sitaki dada yako Roselyne aniangalie tumbo kila nikishuka kwa gari."

Jotham alikubali.

Kilikuwa kimebaki kiinitete kimoja kwenye barafu ya kliniki. Kabla ya kukitumia, Nabwile alimwendea Daktari Chepchumba na neno alilokuwa amelisikia kwa wanawake wenzake kwenye benchi la kungojea.

"Daktari, kuna sindano ya kufanya damu iwe nyepesi. Wengine wamepewa. Mbona mimi sijapewa?"

Daktari Chepchumba, mama wa makamo asiyependa kupamba maneno, aliweka kalamu chini.

"Nilikupima damu mwaka jana, sikuona shida ya kuganda. Kuna wanawake ambao damu yao inaganda vibaya, na hao inawasaidia, hilo tunalijua. Lakini kwa mama ambaye vipimo viko sawa, na viinitete vinakataa tu, utafiti unavutana. Huyu anasema inasaidia kidogo, yule anasema haileti tofauti yoyote. Nikikuambia itakupa mtoto, nitakuwa nakudanganya."

"Itaniua?"

"Si rahisi. Ukijikata utavuja kwa muda mrefu. Na tumbo litajaa madoa."

Nabwile alikuwa amekwisha inuka, anatembea kati ya kiti na mlango. "Dada yangu alipojifungua, mguu ulivimba mpaka wakamlaza. Walisema ni damu imeganda ndani."

Daktari aliinua kichwa. "Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Vipimo vikarudiwa. Kimoja kilirudi katikati, si kibaya cha kutisha, si kizuri cha kutuliza. Daktari alikitazama, akauliza habari za yule dada kwa mara ya pili, kisha akasema, "Basi tutatumia. Lakini tukubaliane kitu kimoja, mama. Tunajaribu. Sitibu ugonjwa ninaoujua."

Kiinitete kikawekwa mwanzoni mwa Julai, na Nabwile akarudi nyumbani na pakiti ya sindano ndogo zilizokwisha jazwa dawa, moja kwa kila jioni. Jioni ya kwanza Jotham alijitolea kumdunga. Aliosha mikono kama mtu anayekwenda kufanya upasuaji. Mtu huyu aliyeteremka visimani bila kuogopa giza aliishika sindano, akaangalia ngozi ya mkewe, akaanza kutokwa na jasho kwenye mdomo wa juu.

"Nipe," alisema Nabwile.

Aliizunguka meza nayo mara kadhaa. Mwishowe alisimama, akafinya nyama kando ya kitovu kama alivyofundishwa, akasukuma. Dawa iliwasha kama upupu. Jotham alikuwa ameangalia ukuta.

Baada ya siku chache tumbo lake lilikuwa ramani. Madoa mapya yalikuwa mekundu, ya juzi yakawa zambarau, ya kwanza yakaanza kugeuka kijani na manjano. Alivaa blauzi ndefu, akaendelea na mistari yake ya mahindi, maana daktari alimruhusu kutembea ila asibebe mizigo. Usiku aligeuka huku na huku. Mchana alijikagua kila kidogo, kama tumbo linavuta, kama matiti yanauma, kama hayaumi kwa nini hayaumi.

Jumamosi moja ilibidi waende Bungoma. Binti wa Roselyne, aliyelelewa hapo kwa babu yake, alikuwa ameposwa, na wageni wa mahari walikuwa njiani. Mke wa nyumba hiyo hawezi kukosa jikoni siku kama hiyo. Nabwile alifika mapema, akajifunga leso, akaanza kunyonyoa kuku. Kazi ilimfaa. Alisahau kujikagua. Kisha mtu akaitisha sufuria kubwa, ile inayokaa juu ya kabati, na Nabwile, mrefu kuliko wote, akanyoosha mikono miwili kuiteremsha. Blauzi ikapanda.

"Ngoja," alisema Roselyne. "Hiyo ni nini?"

"Nini?"

"Hapo tumboni. Nabwile, nani amekupiga?"

Nabwile aliiweka sufuria chini na kuvuta blauzi. "Hakuna mtu. Niligonga geti ya shamba."

"Geti inagonga mtu mahali kumi?"

Wanawake wengine wakawa wameinamia kazi zao kwa bidii ambayo haikuwepo dakika iliyopita. Nabwile alisema ana haraka ya maji, akachukua ndoo tupu, akatoka. Nyuma yake alimsikia Roselyne akishusha pumzi. Wageni walikula, wakasifu kuku, mambo ya mahari yakaenda vizuri, lakini kila Jotham alipopita uani dada yake alimfuata kwa macho.

Katikati ya juma, Wakoli akapiga simu. Wakoli ni kaka mkubwa wa Jotham, mtu anayeongoza mikutano ya familia tangu baba yao, Mzee Sifuna, alipoanza kuchoka. Hakuuliza habari za kazi.

"Jumapili mje. Wewe na bibi yako. Mzee anataka kuwaona."

Jumapili hiyo ndani ya pikapu ya Jotham hakuna aliyewasha redio. Walikuwa wamepita Kiminini Nabwile aliposema, "Roselyne aliona tumbo. Wanadhani unanipiga."

Jotham alicheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Basi tuwaambie ukweli, iishe."

"Kesho napimwa. Kesho tu, Jotham. Wakijua leo na kesho ikakataa, nitaanza kuombolezewa kabla sijalia mwenyewe."

"Na nikiulizwa nitasema nini?"

"Usiseme kitu."

"Sawa," alisema Jotham, lakini mikono yake ilikuwa imebana usukani.

Wanaume walikaa sebuleni. Alikuwepo Mzee Sifuna kwenye kiti chake, Wakoli, na Jotham peke yake kwenye kochi refu. Nabwile hakuingia. Mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe kuzungumza mambo ya mwili wake, na hakuna aliyetarajia aingie. Alikuwa jikoni na Roselyne na mama mkwe wake, Mayi Dinah. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao, kila neno lilipita.

"Jotham," ilianza sauti ya Wakoli. "Umeanza lini kupiga mwanamke?"

"Sijampiga."

"Hayo madoa yametoka wapi?"

Kochi refu lililia chini ya mtu anayejisogeza.

"Nakuuliza wewe."

"Siwezi kusema."

"Ati huwezi kusema! Baba, umesikia?"

Mzee Sifuna alikohoa. Alizungumza polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimekaa na mama yenu mpaka mvi zimenijaa. Sijawahi kumwinulia mkono. Wewe ulijifunza kwa nani?"

Jikoni, Nabwile alikwenda kutoka mekoni hadi mlangoni, mlangoni hadi mekoni. Roselyne alimvutia wifi yake kigoda.

"Kaa, mulamwa. Hapa uko salama. Hatuwezi kukuacha hivyo hata kama ni ndugu yetu."

Walikuwa upande wake. Hicho ndicho kilichomchoma. Alikuwa amejiandaa miaka yote hii kwa watu watakaomlaumu, na sasa watu hao hao walikuwa wanamtetea, na aliyekuwa anachunwa ngozi ni mtu asiyeweza hata kushika sindano.

"Kama shida ni watoto," Wakoli alisema sebuleni, "uiseme kama mwanaume. Na kama humtaki, mrudishe kwao Cheptais akiwa mzima. Usimvunjevunje."

"Namtaka," alisema Jotham.

Nabwile alichungulia nje. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya migomba na saa ya dawa ilikuwa imefika. Sindano ilikuwa ndani ya mkoba wake. Alisimama nao mkononi, akauweka mezani, akauchukua tena. Kisha akamshika Mayi Dinah kiwiko.

"Mayi, njoo kidogo."

Alimwongoza chumbani, akafunga mlango. Mama mkwe, ambaye mikono yake bado ilikuwa na unga, alisimama akimkodolea. Nabwile aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua blauzi.

"Yesu wangu," alisema Mayi Dinah.

Nabwile alitoa sindano, akaivua kifuniko.

"Wewe! Unajichoma nini?"

"Ngoja Mayi. Nikiongea mkono utatetemeka."

Akafinya, akadunga, akasukuma hadi mwisho, akabonyeza pamba. Halafu akasema yote, haraka, bila mpangilio. Alisema Eldoret, mara tatu, kiinitete cha mwisho, damu iliyoweza kuwa inaganda na iliyoweza kuwa haina shida yoyote, kipimo cha kesho. Mayi Dinah alisikiliza akiwa amesimama.

"Jotham anajua haya?"

"Anajua. Yeye ndiye huenda kununua dawa."

"Na amekaa pale anatukanwa na baba yake."

"Nilimwambia asiseme."

Mayi Dinah aligeukia dirisha. Aliporudisha uso, haukuwa uso wa huruma. "Na mimi? Mimi pia ni wa kufichwa? Kila Jumapili napiga magoti kuwaombea nyinyi, kumbe sijui hata naomba nini."

Mama mkwe aliinama, akaligusa doa moja la zambarau kwa ncha ya kidole, akaliacha na alama ya unga.

"Inauma?"

"Ikiwa mpya."

"Mm," alisema Mayi Dinah. "Funga nguo."

Alitoka mbele, akaenda moja kwa moja sebuleni, mahali ambapo kwa kawaida haingilii maneno ya wanaume. "Wakoli, nyamaza. Jotham hajapiga mtu. Ni dawa ya hospitali, nimeona kwa macho yangu. Mengine ni ya wanawake. Mzee, hutauliza zaidi."

Mzee Sifuna alimtazama mkewe, akamtazama Jotham, ambaye alikuwa amefunika uso kwa mikono. Kisha akauliza kama chai iko tayari.

Wakoli hakuomba msamaha siku hiyo. Aliwasindikiza hadi kwenye pikapu, akawa anapigapiga tairi kwa kiatu, akamwambia Jotham kuna kisima cha jirani ambacho pampu yake inapiga kelele, labda siku moja aje akiangalie. Jotham alisema atakuja. Roselyne alilia waziwazi, akamkumbatia Nabwile, halafu akafuta machozi na kuuliza hiyo dawa inaitwaje.

Kesho yake damu ilipimwa na jibu likawa kwamba ana mimba.

Watu hudhani habari kama hiyo humtuliza mtu. Nabwile ilimzidishia wasiwasi. Sasa alikuwa na kitu cha kupoteza. Alitembea uani mpaka majirani wakamwona ana kasoro. Karibu na mwezi wa tatu aliona damu kidogo, na safari ya kwenda Eldoret asubuhi hiyo alikuwa amejishika tumbo kwa mikono miwili kana kwamba linaweza kudondoka. Daktari Chepchumba alisimamisha sindano, akampima, akageuza skrini ili aone. Moyo mdogo ulikuwa unapiga kwa kasi. Sindano zilirudi baada ya muda, kisha zikaachwa kabisa daktari alipoona zimetosha. Mvua za masika zilikuwa zimeanza mtoto alipozaliwa, msichana, wakamwita Nafula, yaani wa mvua.

Siku ya kwenda kumwonyesha mtoto kliniki, Nabwile aliuliza swali alilokuwa amelibeba miezi yote. "Ni sindano, daktari?"

"Sijui."

"Si unaona mwenyewe?"

"Naona mtoto. Huenda ni sindano. Huenda kiinitete hiki kilikuwa na nguvu kuliko vile vingine, na kingeshika hata bila dawa. Siwezi kukurudisha nyuma tujaribu upya nione."

Nabwile hakulipenda jibu hilo, lakini alilibeba akaondoka nalo.

Roselyne hakulibeba. Kwake mambo yalikuwa wazi kama mchana. Aliisimulia habari hiyo sokoni Bungoma, akaisimulia kanisani, akaisimulia kwenye kikundi cha akina mama, na kabla Nafula hajaanza kukaa, wanawake walikuwa wanampigia Nabwile simu kutoka mahali asipopajua wakiuliza "ile sindano yako". Aliwajibu waende kwa daktari wapimwe kwanza. Wengine walidhani anawanyima.

Kisha mahindi yakatoa mbelewele tena, na asubuhi moja Nekesa alikuja kumtafuta kule kwenye mistari. Nekesa alikuwa mke wa Kimaiyo, dereva wa trekta ya shamba, na hawakuwa wamepata mtoto. Alikuwa ameziba pua kwa pamba, na pamba ilikuwa nyekundu.

"Inatoka tangu jana," alisema. "Inaacha, inaanza. Hata fizi."

"Umekula nini? Umeanguka?"

Nekesa alitazama pembeni. Alifungua mfuko wa plastiki. Ndani zilikuwa sindano, zile zile, alizouziwa dukani bila mtu kumuuliza chochote. "Nilisikia ndiyo ulitumia. Nikaona nikidunga mara mbili kwa siku itashika haraka."

Nabwile alimpokonya mfuko, akamwachia mwenzake kikundi, akampeleka Nekesa hospitali wakati uleule. Walimlaza, wakamwangalia, damu ikakoma. Akiwa ameegemea ukuta wa wodi, Nabwile alimpigia Roselyne.

"Mulamwa, acha kutangaza hiyo dawa."

"Si ni ukweli? Mtoto si huyo?"

"Mtoto ni huyu. Kilichomshika sikijui, na daktari mwenyewe hakijui. Kuna msichana hapa alikuwa anamaliza damu kwa sababu ya maneno yako na kunyamaza kwangu. Wakikuuliza, uwaambie hivyo."

Roselyne alianza kujitetea, kisha akauliza msichana anaendeleaje.

Nekesa alipopata nguvu, Nabwile alikwenda naye Eldoret. Alidhani watapima damu, watapata shida ile ya kuganda, au wasiipate. Daktari Chepchumba alisikiliza kila kitu, akauliza wameoana lini, akauliza kuhusu hedhi, kisha akauliza, "Na mume wako amepimwa?"

Nekesa alicheka kwa aibu. "Yeye? Hapana. Yeye ni mzima. Ni mimi."

"Nani alisema ni wewe?"

Nabwile tayari alikuwa ametoka nje kwenye korido na simu sikioni.

"Kimaiyo, kesho usiwashe trekta. Kuna mahali tunaenda."

"Wapi, nyapara?"

"Hospitali. Wewe, si Nekesa."

Upande wa pili injini ilizimwa. "Huko wanadunga watu?"

"Hawakudungi. Njoo."

Alikuja. Alivaa koti la harusi na hakuongea njia nzima. Majibu yalipotoka, shida ilikuwa kwake, na daktari alisema ni ya aina inayotibika, ingawa itachukua muda. Kimaiyo alizisoma zile karatasi akazirudia. Jioni, waliporudi Kitale na Nekesa amekwenda kununua mboga, alibaki nyuma na Nabwile kwenye lango la shamba.

"Usiwaambie hawa wengine, tafadhali."

"Siwaambii. Lakini Nekesa akianza kusemwa hapa kwamba ni tasa, utasimama useme wewe mwenyewe."

Kimaiyo aliutoa ufunguo wa trekta mfukoni. "Nitasema," alijibu, akaenda kuwasha, maana mistari ya chini ilikuwa bado inangoja trela.